Nani alimufundisha yule anayekupokea?



Wakati mwanamuke anapigwa nyumbani, ao musichana anakamatwa kwa nguvu, sisi wote tuko na shauri moja tu mudomoni: «Usinyamaze, uende kusema.» Shauri hili ni zuri, hatulikatai. Lakini linaacha nusu ya mambo gizani. Kusema kwa nani? Na yule anayeketi upande wa pili wa meza, je, alifundishwa kusikia?

Wengine watacheka: kusikia ni kitu cha kufundishwa? Kila mutu ana masikio! Haya. Kila mutu ana mikono vilevile, lakini kwenye mugodi hakuna anayegusa baruti kwa sababu tu ana mikono. Wanamufundisha kwanza, wanamupima, wanamuvalisha kaske na buti, na siku za kwanza anatembea nyuma ya muzee wa kazi. Tunafanya hivyo kwa ajili ya jiwe. Lakini kwa mwanamuke aliyetoka kupigwa usiku, tunafikiri huruma inatosha.

Huruma peke yake haitoshi. Mara ingine inaharibu.

Tutwae mufano wa mama mumoja wa kamp. Jina hatutaji, maana mama wa namna hii ni wengi. Siku ya posho, bwana amerudi usiku, maneno yamekuwa mengi, akamupiga mpaka mudomo ukapasuka. Asubuhi mama anakwenda kwenye kituo cha afya. Muuguzi anamwita mbele ya wagonjwa wote walioketi kwenye banki: «Mama, ulianguka?» Mama anatazama watu, jirani yake yuko pale na mutoto wa homa. Anajibu: «Ndiyo, nilianguka.» Muuguzi anashona mudomo vizuri sana, kisha anaandika katika kitabu: kuanguka. Ile karatasi, siku mambo yatakapofika kwa muamuzi, njo itakayosomwa. Na avoka wa bwana ataisoma kwa sauti kubwa.

Kutoka pale mama anapita kwa polisi. «Ulimufanya nini mpaka akupige?» Ndiyo neno la kwanza. La pili: «Leta kwanza makuta ya karatasi.» Mama hana makuta, anatoka.

Mulango wa tatu ni wa mama wakubwa wa kanisa. Pale angalau wanamupa kiti na maji. Wanalia pamoja naye. «Vumilia, mwanetu. Jioni tutakuja kuzungumuza na bwana yako.» Na jioni wanakuja kweli, watatu, na vitambaa vyao vya kichwa. Wanamueleza bwana, neno kwa neno, yote ambayo muke aliwaambia asubuhi. Bwana anaitika, anaomba musamaha, anawasindikiza mpaka barabarani. Halafu anarudi ndani na kufunga mulango.

Musomaji, katika watu hawa wote ni nani mubaya? Muuguzi ana wagonjwa makumi ine wanaomungojea. Polisi hakupata mushahara, tuseme hivyo. Wale mama watatu wana moyo wa zahabu. Hata hivyo, mama wa kamp amepita katika milango mitatu, na usiku ule hatari yake imekuwa kubwa kuliko asubuhi. Hakuna aliyemufundisha muuguzi, wala polisi, wala wale mama, na kila mumoja alifanya ile aliyoiona kwa wakubwa wake.

Tusifikiri tunasema juu ya watu wachache. Katika uchunguzi mukubwa wa afya uliofanyika katika inchi yetu mwaka 2013-2014, wanawake 52 kwa 100 wa miaka 15 mpaka 49 walisema kwamba wamepigwa ao kuumizwa mwilini tangu walipofikia miaka 15. Wanawake 27 kwa 100 walisema wamekwisha kutendewa kwa nguvu mambo ya mwili. Uhesabu wanawake walioketi kwenye banki zenu siku ya mungu, utaona mwenyewe.

Wazee wa Katanga watasema: zamani haikuwa hivi. Wakati wa Union Minière, na kisha wakati wa Gécamines, kampuni ilikuwa na hospitali, masomo, fwaye za wanawake, na wale mama wa sosiali waliopita nyumba kwa nyumba katika kamp. Ni kweli. Lakini tukumbuke vizuri pia: yule mama wa sosiali alikuwa mutu wa kampuni. Aliangalia kama nyumba ni safi, kama mutoto anakula, na kama baba ataamka na nguvu ya kazi. Muke aliyepigwa alipatanishwa haraka ili amani irudi kabla ya sirene ya asubuhi. Tusilie sana juu ya mambo yale. Hata hivyo, wakati wafanyakazi zaidi ya 10.000 walipotoka Gécamines katika mwaka 2003 na 2004, na hospitali za kampuni zikaendelea kudhoofika, kamp nyingi zilibaki pasipo mutu hata mumoja wa kazi ya sosiali. Siku hizi kampuni mupya zimekuja, wachimbaji wa mikono wamefika kutoka pande zote, wasichana wanauza chakula karibu na mashimo mpaka usiku. Anayewapokea wakiumizwa ni nani?

Basi, mutu aliyefundishwa anafanya namna gani tofauti? Turudi kwa mama wetu mwenye mudomo uliopasuka.

Muuguzi aliyefundishwa hamuulizi mbele ya watu. Anamuingiza ndani, anafunga mulango. Hata mutoto, akiwa amepita miaka miwili, anabaki inje na mutu mwingine, maana mutoto atarudia maneno nyumbani. Anajua pia kwamba asiulize wakati bwana anasimama pale akimushika muke bega kwa upendo mwingi, anatafuta sababu ya kumutoa, hata kwa kusema «Tutapima mukojo wa mama.» Halafu anauliza wazi, kwa upole: «Alama hizi zinafanana na za mutu aliyepigwa. Kuna mutu alikupiga?» Kisha anangoja. Kungoja, ndugu zangu, njo sehemu nguvu zaidi ya masomo hayo. Sisi tunapenda kujaza kimya na mashauri.

OMS, ni kusema Shirika la Afya la Ulimwengu, iliandika mwaka 2014 kitabu cha mukono kwa wauguzi juu ya kazi hii. Ukikisoma utashangaa, maana mwanzo wake si sindano. Ni kusikiliza pasipo kuhukumu; kuuliza mama mwenyewe anahitaji nini leo; kumuonyesha kwamba unamusadiki; kufikiri pamoja naye juu ya usalama wake; kumuunganisha na wengine wanaoweza kumusaidia. Maneno yenyewe ni mafupi: «Si kosa lako.» «Ulifanya vizuri kuja.» Mutu anaweza kuyajifunza kwa dakika mbili. Kuacha yale mengine tuliyoyazoea, «Lakini na wewe mama, mudomo wako», kunaomba miezi.

Kuna swali moja ambalo tungependa kila muuguzi na kila polisi alijue kwa kichwa: «Alikukaba shingo?»

Kwa nini swali lile? Kwa sababu kukaba shingo mara nyingi hakuachi alama inje. Mama anasema «alinikamata tu hapa», anaonyesha koo, hakuna damu, na wote wanapita kwa mudomo uliopasuka. Lakini watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2008 kwamba mwanamuke ambaye bwana alikwisha kumukaba shingo yuko katika hatari mara nyingi zaidi ya kuuawa siku moja na bwana yule. Tena koo inaweza kuvimba ndani nyuma ya masaa mengi. Sauti inakauka, kumeza kunakuwa nguvu. Aliyefundishwa anauliza, anaandika, anamubakisha mama akimuangalia. Asiyefundishwa anashona mudomo.

Jambo lingine ambalo masomo yanafundisha, na ambalo linashangaza wengi: usimwambie mama «Umuache, leo leo!» Unaona kwamba ni shauri la nguvu, kumbe wakati ambapo muke anatoka, ao anatangaza kwamba atatoka, njo mara nyingi wakati wa hatari zaidi. Mwenye kujua kazi anauliza mambo madogo madogo. Karatasi za watoto ziko wapi? Ndugu gani ana nyumba ambayo bwana haijui? Usiku akianza kupiga, jirani gani atasikia? Mama mwenyewe anachagua saa. Kupiga na kuumiza ni kosa katika sheria ya adhabu, artikle 46 na 47, na hatukuona mahali ambako pameandikwa «isipokuwa kama ni muke wako». Lakini sheria haitalala naye nyumbani usiku ule.

Sasa tuzungumuze juu ya kukamatwa kwa nguvu, maana pale saa zinahesabiwa.

Musichana ao mwanamuke aliyekamatwa anapaswa kufika kwa munganga mbele masaa 72 yapite, ni kusema siku tatu. Sababu ni dawa za kuzuia virusi vya sida, zile wauguzi wanaziita PEP: zinaanzishwa ndani ya siku tatu, upesi zaidi ni bora, na kunywewa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa mpaka siku tano, lakini kila siku inayopita inapunguza nguvu yake. Kuna tena dawa za magonjwa ya ndani, chanjo ya hepatiti B, na ya tetanosi kama kuna vidonda. Wazazi, mushike hesabu hii: siku tatu. Mikutano ya jamaa ya kuuliza «wajomba wanasema nini» inakula siku hizi zote. Na kama siku tatu zimepita, aende vilevile. Vidonda, magonjwa mengine na moyo uliovunjika havina kalenda. Nguo alizovaa musizifue. Muzitie katika karatasi, si katika sashe ya plastiki ambayo inaozesha.

Katika kituo ambako watu hawakufundishwa, mambo mawili yanafanyika. La kwanza: dawa ziko katika kabati, lakini mwenye funguo amekwenda, ao hakuna anayejua kipimo cha mutoto wa kilo 20. La pili linauma zaidi. Jamaa inafika na musichana na kusema: «Munganga, utuangalilie kama angali bikira.» Na munganga anaangalia, anaandika: kizinda kiko, ao kizinda kilipasuka zamani. Kwa mustari ule mumoja, musichana amekwisha. Kizinda kikiwapo, watasema hakukamatwa. Kikiwa kilipasuka zamani, watasema alikwisha kuzoea.

Musikie vizuri, wazazi. Ngozi ile ndogo haiwezi kusema kama mutu alikamatwa ao hapana. Wasichana hawazaliwi nayo kwa namna moja, na wengi waliokamatwa kweli hawana alama yoyote pale. Katika Oktoba 2018, OMS pamoja na ofisi mbili za Umoja wa Mataifa ilitangaza kwamba uchunguzi wa ubikira hauna msingi katika elimu ya uganga, unaumiza, na unapaswa kuachwa kabisa. Munganga aliyefundishwa anaandika ile aliyoiona mwilini mwote: alama za kucha kwenye mukono, kidonda kwenye goti, namna musichana alivyotetemeka. Anaandika maneno ya musichana jinsi alivyoyasema. Hahukumu, anashuhudia tu.

Na polisi? Pale swali tunalolichukia ni hili: «Haukupiga makelele juu ya nini?» Wazazi pia wanaliuliza. Vijana wanaliuliza kwa kucheka. Aliyefundishwa anajua kwamba hofu kubwa inagandisha mwili; mutu anabaki kama mbao, sauti haitoki. Anajua tena kwamba kichwa cha mutu aliyetishwa hakikumbuki mambo kwa mustari ulionyooka. Leo atasema ilikuwa mbele ya mvua, kesho atasema nyuma ya mvua, na si uwongo. Tena sheria yenyewe imejibu. Katika sheria mbili za Julai 2006 juu ya makosa haya, namba 06/018 na 06/019, imeandikwa kwamba kunyamaza ao kutojitetea si kukubali. Mambo ya zamani ya musichana na wavulana hayawezi kuletwa ili kuonyesha kwamba anadanganya. Ofisa wa polisi anayepokea mashitaki anapaswa kujulisha parke ndani ya masaa 24. Munganga na mwenye elimu ya mambo ya moyo wanaitwa. Hukumu inapaswa kutoka ndani ya miezi mitatu. Wanaoishi katika inchi hii wanajua mbio ya kweli ya mambo haya, hatuna haja ya kueleza. Lakini ofisa asiyejua kwamba sheria iko, utamudai nini?

Hapa mutu atatuambia: mafundisho, mafundisho, yanaleta matunda gani? Basi twende kidogo katika Kivu ya Kusini, mahali pengine pa machimbo, ambako kazi hii ilianza mbele yetu kwa sababu ya vita.

Bukavu kuna Hospitali ya Panzi, ambayo munganga Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, na ambaye alipata zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018. Pale walitambua mapema kwamba kushona vidonda hakutoshi. Mwanamuke anaingia kwa mulango mumoja, na ndani anakuta munganga, mutu wa kusikiliza moyo wake, mutu wa sheria, na wa kumufundisha kazi ya mikono ili akirudi asianguke tena katika mikono ileile. Hadisi yake anaieleza mara moja, si mara sita kwa watu sita.

Si mbali na Bukavu, katika Kavumu, kutoka 2013 mpaka 2016, watoto wasichana karibu 40, wengine wangali wanabebwa mugongoni, walitwaliwa usiku kutoka nyumba za wazazi na kutendewa mambo ambayo hatutaandika hapa. Kwa muda murefu kila kesi ilikuwa peke yake: mutoto mumoja, karatasi moja, na hakuna aliyekamatwa kwa kweli. Mambo yaligeuka wakati waganga, polisi na watu wa sheria, ambao walikuwa wamefundishwa kufanya kazi pamoja, waliweka karatasi zote juu ya meza moja. Karatasi za munganga zilikuwa zimeandikwa kwa namna moja, na vidonda vya mutoto huyu vilifanana na vya yule. Watoto walisikilizwa na watu wenye kujua kusikiliza watoto, na maneno yao yakarekodiwa, ili wasiletwe mbele ya washitakiwa. Katika Desemba 2017, tribinali ya kijeshi iliyoketi palepale Kavumu iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha, mumoja wao mubunge wa jimbo. Julai 2018 hukumu ikahakikishwa tena. Mutu mukubwa namna ile, na watoto wadogo namna ile! Makelele ya wazazi peke yake yalikuwa yamelia miaka mitatu.

Sasa tuseme na upande mwingine, maana si kila kinachoitwa mafundisho ni mafundisho. Tunazijua zile semina: sale ya hoteli, siku mbili, fanta na mikate, kofia zenye maandiko, perdieme, foto ya wote na brevet ya kubandika ukutani. Kiongozi wa kituo anajituma mwenyewe kwa sababu ya perdieme, na muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye njo atakayefungua mulango saa nane, anabaki nyumbani. Ao aliyefundishwa anahamishwa nyuma ya miezi mitatu. Ao amejifunza kwamba mutu asikilizwe faraghani, lakini anarudi kwenye kituo chenye chumba kimoja. Mafundisho yanayosaidia yanarudi: mufundishaji anakuja kazini, anaketi pembeni, anaona namna unavyouliza, anakusahihisha kesho yake. Yanafika pamoja na pazia, funguo, dawa, na karatasi inayosema baada yangu umutume mama kwa nani.

Yanafika tena na mutu wa kumutunza mwenye kusaidia. Hili linasahauliwa sana. Anayesikia hadisi hizi kila siku, zinamuingia. Analala vibaya, anaanza kuota, anakasirika na watoto wake, ao moyo unakauka na anasema «hizi ni za kila siku». Mutu anapofikia pale, si kwamba ni mubaya. Amechoka, na wenzake wanapaswa kuwa na siku ya kuketi pamoja na kutoa muzigo, pasipo kutaja majina ya wagonjwa.

Neno kwa jamaa na kwa wazee wa kanisa, maana na sisi tunapokea watu. Mupatanishi mwenye moyo muzuri anapenda mbuzi: «Walete mbuzi na makuta kidogo, tumalize kati yetu, jina la jamaa lisiharibike.» Kwa makosa haya ya mwili sheria ya 2006 imekataza hata polisi kumaliza mambo kwa faini. Na kumuoza musichana kwa yule aliyemukamata, ili kufunika haya, kunaweza kumufunga muzazi mwenyewe kutoka mwaka 1 mpaka miaka 12. Mwenye kupokea siri katika kanisa ana kazi tatu tu: kumusadiki, kumusindikiza kwa munganga mbele ya siku tatu kupita, na kufunga mudomo. Kwenda kuzungumuza na bwana pasipo ruhusa ya muke, hapana. Tulikwisha kuona mwisho wake.

Vijana wanaotafuta njia ya masomo, wengi wanasema «Nitafanya mine, nitafanya jeoloji.» Vizuri. Lakini inchi inaomba tena wauguzi, wanawake wa polisi, watu wa sosiali, avoka, wenye elimu ya mambo ya moyo. Ukiingia katika kazi hizi, uulize mapema kama programu ya masomo inagusa mambo haya. Kama haiguse, uombe stage mahali ambako yanafanywa. Mvulana asiseme kwamba ni kazi ya wasichana. Wavulana na wanaume pia wanakamatwa kwa nguvu, na wanakuja kwa munganga mara chache zaidi kwa sababu ya haya.

Na wewe usiye munganga wala polisi, kuna mahali pa kuuliza. Kila kituo cha afya cha serikali kinapaswa kuwa na komite ya watu wa mahali, ile inayoitwa CODESA, na mara nyingi watu wa kanisa wanaketi ndani yake. Mukutano unaofuata, muombe neno na kuuliza: Usiku, nani aliyefundishwa yuko hapa? Dawa za siku tatu ziko, na tarehe yake haijapita? Funguo iko kwa nani siku ya mungu? Mama aliyepigwa anaingizwa katika chumba gani? Na kutoka hapa anatumwa kwa nani, kwa jina na kwa namba ya simu? Kama jibu ni «Tutaona», muandike tarehe katika kitabu cha komite, na mwezi unaofuata muulize tena.